Kutafuta mahame kwa ramani ya zamani ya 1:50,000

Kabla ya Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, iliyowahamishia watu katika vijiji vya pamoja, familia nyingi za vijijini Tanzania ziliishi kwa kutawanyika, kila kaya kando ya shamba lake. Ramani za 1:50,000 za mfululizo wa Y742 zilichorwa kutokana na picha za anga, na karatasi za miaka hiyo bado zinaonyesha makazi yaliyohamwa.

Soma kwanza pambizo. Kinachotakiwa ni mwaka wa picha za anga, si mwaka wa uchapaji: ramani iliyochapwa baada ya watu kuhamishwa yaweza kuonyesha nyumba za kabla. Humo humo pambizoni kuna ufunguo wa alama na jina la gridi, yaani mistari ya miraba inayotoa viwianishi.

Skani karatasi kwa nukta 300 kwa inchi. Kila nukta itakuwa kama mita 4 ardhini. Picha ya simu hupinda kingoni, na makunyanzi huvuta mistari, kwa hiyo ilaze karatasi chini ya vitabu vizito kwanza.

Kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, ifunge picha mahali pake halisi ardhini kwa makutano ya gridi yasiyopungua tisa: pembe nne, katikati ya kila ukingo, na katikati ya ramani. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Gridi ikiwa ni UTM ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa viwianishi wa Afrika Mashariki, chagua namba ya mfumo EPSG 21037 kwa mashariki ya nyuzi 36 za longitudo, 21036 kati ya 30 na 36, na 21035 magharibi ya 30. Ukichagua WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, ramani nzima itahama karibu mita 300, kaskazini-kusini. Utafika porini usikute kitu, kisha useme wazee wamesahau, kumbe kosa ni lako. Milimita moja ya karatasi ni mita 50, basi makutano yenye kosa la zaidi ya mita 25 yarudie.

Vidoti vya nyumba usivihesabu kama sensa. Nyumba iliyofunikwa na miti haikuonekana kutoka angani. Majina nayo yatamkie wazee kwa sauti, ukibadilisha r na l, maana waandishi waliandika walivyosikia.

Ukifika, tafuta miembe mikubwa, ua wa minyaa, vigae vya vyungu na mawe ya kusagia. Makaburi ukiyakuta, chukua viwianishi tu, usifyeke wala kuchimba kabla ya kuwaona wenyewe.