Trekta ya kwanza huku Lubumbashi: jinsi ya kuichagua na jinsi ya kuwapima wanaokushauri

Jambo yenu wote, wanachama wa kundi letu. Mvua ikikaribia maswali yanarudi yaleyale: farasi ngapi (nguvu ya injini), marka gani (jina la kiwanda), mpya au iliyotumika? Somo hili ni la mtu anayelima mahindi upande wa Kipushi, Kasenga, Likasi au njia ya Kasumbalesa, na ambaye hajawahi kuwa na trekta yake. Sitaanza na marka. Marka itajichagua yenyewe ukishajua shamba lako linadai nini na fundi wako anakaa wapi.

Hatua ya 1: Hesabu hekta kabla ya kuhesabu farasi

Plau ya visahani 3 inakata upana wa karibu mita 0.9. Ukienda kilomita 5 kwa saa, ukitoa muda wa kugeuka na wa kuzunguka visiki, unapata kama theluthi ya hekta kwa saa. Siku nzuri ya saa 8 ni hekta 2 na nusu. Kwetu mvua za kweli zinaanza mwezi wa 11, na mahindi yanayochelewa kupandwa hadi mwisho wa mwezi wa 12 huwa yanakosa mvua mwishoni. Kwa hiyo una wiki nne, labda tano. Humo ndani toa siku udongo umelowa mno, siku shofere anaumwa, siku mazutu (dizeli) hayajafika. Trekta moja hapo inakulimia hekta 40 hivi kama kila mtu anafanya kazi yake.

Mwenye hekta 6 atamaliza kwa siku tatu, halafu mashine italala. Maoni yangu: chini ya hekta 15, kama huna nia ya kuwalimia majirani kwa malipo, kodi trekta ya mtu na hela yako iweke kwenye mbegu na mbolea. Kama una nia hiyo, basi unafungua biashara ya kulimia watu, na hesabu zako zifuate biashara hiyo.

Kuhusu nguvu: kwa udongo mgumu, kisahani kimoja kinadai karibu farasi 20. Visahani 3 ni farasi 60. Lakini kuna jambo ambalo watu wanalisahau. Lubumbashi iko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Farasi 60 za kwenye karatasi zinakuwa 54 shambani. Muuzaji wa Durban au Dar es Salaam akikuambia "hii inavuta visahani vitatu bila shida" anasema kweli, ila ni kweli ya pwani. Ukitaka visahani 3 tafuta farasi 70 hadi 75. Ukiwa na 50 funga plau ya visahani 2 na uwe na amani.

Hatua ya 2: Tembea shambani kwa miguu

Hesabu visiki na vichuguu. Vichuguu vya Katanga mnavijua, vingine vina urefu unaozidi nyumba, na trekta haitaviondoa, utavizunguka. Trekta ndefu inayogeuka kwa shida itakupotezea muda kila safari. Shamba lililotoka msituni juzi linataka plau ya visahani, kwa sababu kisahani kinapanda juu ya mzizi na kuendelea, wakati plau ya jembe la kawaida inanasa na kupinda.

Hatua ya 3: Fundi kwanza, kisha duka

Andika vifaa hivi: filta ya mazutu na ya oili, pampu ya maji, sahani ya klachi, sili za haidroliki, bomba za sindano za injini, mapine ya nyuma. Zunguka maduka ya mjini uliza bei ya kila kimoja kwa aina unayoitaka. Hesabu tu kile wanachokiweka juu ya meza mbele yako. "Tunaweza kuagiza" iandike sifuri.

Ndiyo maana Massey Ferguson za zamani zenye injini ya Perkins bado zinanunuliwa kote kusini na mashariki mwa Afrika. MF 135 ilianza kutengenezwa mwaka 1964, na hadi leo fundi wa kijijini anaweza kuifungua injini yake ya silinda 3 na kuirudisha. Ila angalia: trekta zenye jina hilo au zenye muundo huo zimetengenezwa pia India, Pakistan na Uturuki, na vifaa vyake havilingani kila mahali. Ukienda kununua kifaa, beba kile cha zamani mkononi, usibebe jina tu.

Hatua ya 4: Wasikilize wenye trekta, lakini wapime

Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tafuta watu watano au sita wenye aina unayoitaka. Usiulize "ni nzuri?" Nani atakubali mbele yako kwamba alitupa dola zake? Uliza: kitu gani kiliharibika mara ya mwisho? Trekta ilisimama siku ngapi? Kifaa kilitoka wapi, na nani alikifunga? Unalima hekta ngapi kwa msimu, zako na za watu? Lita ngapi kwa hekta? Kwa udongo wetu, mtu akikuambia kati ya 20 na 30 anapolima na plau, anaongea kama mtu anayepima. Akikuambia 8, hajawahi kupima.

Kisha mpime aliyekujibu. Aliyenunua msimu huu atasifu kiti na rangi. Mashine mpya haina sababu ya kuharibika katika saa zake 200 za kwanza, kwa hiyo yeye muulize kuhusu muuzaji: baada ya kulipa, simu inapokelewa? Fundi alikuja kwa sevisi ya kwanza?

Anayewalimia watu kwa malipo ndiye mwenye maneno mazito kuliko wote. Saa zake ni nyingi na kila siku ya kusimama inamkata hela. Ila kumbuka kwamba kesho unaweza kuwa mshindani wake. Akikuambia "biashara hii haina faida kabisa" huku trekta yake ya pili iko njiani kutoka mpaka wa Kasumbalesa, cheka naye, kunywa maji, uage.

Kuna pia patroni (mwenye mali) anayekaa mjini na kufika shambani Jumapili. Anajua bei, mashine haijui. Muombe ruhusa uongee na shofere wake peke yake. Shofere atakuambia gia inayoruka, breki ya upande mmoja inayolegea, na kwamba batri ni ya kuazima.

Fundi anajua mengi, lakini anaona wagonjwa tu, kama daktari. Trekta iliyojaa mkoani ndiyo itakayojaa kwake, na ndiyo itakayolalamikiwa zaidi, hata kama ni imara kuliko zote. Yeye usimuulize ipi inaharibika sana. Muulize ipi anaitengeneza kwa siku moja na ipi inabaki uani miezi.

Na yule anayeichukia marka fulani kwa moyo wote? Muulize aliweka oili gani, nani aliendesha, maji ya radiata yalitoka wapi. Jirani mmoja wa njia ya Kasenga alilaani trekta yake msimu mzima kwamba inachemka, mpaka fundi alipofungua wavu wa mbele: radiata ilikuwa imezibwa na mbegu za majani na vumbi. Alikuwa tayari ameshawazuia watu wawili wasinunue aina ile.

Kanuni yangu ni fupi. Watu watatu wasiojuana wakitaja ugonjwa uleule mahali palepale, amini. Mmoja akitaja, andika pembeni ukakague mwenyewe. Na video za wakulima wa Marekani zitazame kwa kujifunza mashine inavyofanya kazi, ukikumbuka kwamba wao wakipiga simu leo kifaa kinafika kesho.

Hatua ya 5: Kukagua iliyotumika

Fika asubuhi bila kutangaza saa. Gusa injini: kama ni ya moto, wamekwisha kuiwasha ili ubovu wa kuwaka ikiwa baridi usionekane. Sema utarudi kesho.

Ikiwaka, tazama moshi. Bluu ni oili inayoungua. Mweusi unaoendelea ni hewa kidogo au sindano mbovu. Mweupe usioisha injini ikishapata joto unaweza kuwa mazutu yasiyoungua au maji yanayoingia ndani. Chomoa kipimo cha oili: rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia, na hapo mazungumzo ya bei yamekwisha. Inua plau hadi juu, zima injini, subiri. Ikishuka haraka, haidroliki inavuja ndani.

Saa ya kuhesabu kazi usiiamini peke yake. Tazama mpira wa pedali, tundu la kuvutia remoki kama limekuwa yai, na meno ya shafti ya nyuma (ile inayozungusha mashine nyingine) kama yamelika. Hivyo havirudishwi nyuma kwa bisibisi.

Pima pia pini za mikono ya chini, ile inayofungia plau nyuma ya trekta. Milimita 22 ni daraja la 1, milimita 28 hivi ni daraja la 2. Plau ya daraja jingine haitafunga bila kuhangaika na vibushi (bomba fupi za kujaza nafasi ya pini).

Hatua ya 6: Karatasi

Namba ya injini na ya chasi zilingane na karatasi za DGDA (forodha), na cheti cha OCC (ofisi ya kukagua ubora wa bidhaa) kiwepo kama iliingia mpakani. Hakuna karatasi, hakuna hela.

Maswali ya wanachama

Mama wa Kafubu: Papa, asanti kwa somo. Sisi tuko familia tatu, kila moja hekta 8. Tunaweza kununua pamoja bila kugombana?

Hekta 24 zinatosha trekta moja, Mama. Ugomvi hautatoka kwenye bei, utatoka kwenye zamu: nani analimiwa mvua ya kwanza ikinyesha? Andikeni hilo kabla ya kutoa dola hata moja. Mnaweza kulima nusu ya kila shamba kwa mzunguko, kisha mrudi kumalizia, ili asiwepo wa mwisho kabisa. Kila saa ya kazi ilipiwe kwenye sanduku la vifaa, hata kwa wenye mali wenyewe, na shofere awe mmoja.

Kijana wa Likasi: Mi niko na hela ya trekta mpya ya farasi 50 ya kutoka India, ao ya kutumika ya farasi 75. Bei iko sawa. Nikamate ipi?

Mdogo wangu, nijibu kwanza: unaye fundi wa karibu? Kama unaye, na ile ya 75 ikapita ukaguzi wa hatua ya 5, chukua hiyo, lakini bakiza angalau sehemu moja ya tano ya hela kwa mapine, klachi na sili. Usiitumie yote kununua. Kama fundi hana uhakika, chukua mpya na plau ya visahani 2, ukubali kulima polepole.

Mlimaji wa Kasenga: 4x4 (inayosukuma magurudumu yote manne) ni lazima?

Kwa kulima udongo mkavu kiasi, hapana. Inavuta zaidi, ni kweli, lakini ekseli ya mbele ina sili na gia zinazodai hela. Kabla ya kuilipia, jaza maji mapine ya nyuma hadi robo tatu na ufunge uzito mbele. Kama mashamba yako yako bondeni karibu na mto, kwenye matope ya mwezi wa 1, hapo 4x4 inalipa.

Mama Unga, Ruashi: Papa, umeme wa SNEL unatusumbua. Trekta inaweza kuzungusha mashine ya kusaga unga wa bukari (ugali) wakati hakuna kulima?

Inaweza, na ni kazi nzuri ya miezi ya kiangazi. Mashine inazungushwa na ile shafti ya nyuma, na iwe ya mizunguko 540 kwa dakika. Kwenye saa ya mizunguko ya injini tafuta alama ya 540 ushikilie hapo, usizidishe ukidhani utasaga haraka. Trekta iliyosimama inakula vumbi la unga, kwa hiyo safisha radiata kila jioni. Na shafti ifunikwe na kinga yake ya plastiki. Kitenge kikishikwa na shafti inayozunguka, hakuna mtu atakayewahi kuizima. Wateja wasimame mbali na nyuma ya trekta.

Baba Mapacha: Shofere tumulipe kwa mwezi ao kwa hekta?

Ukimlipa kwa hekta tu, atalima juujuu na kukimbia, na plau itagonga kila kisiki. Ukimlipa kwa mwezi tu, utamkuta chini ya mwembe. Mimi ningempa mshahara mdogo wa mwezi, kitu kidogo kwa kila hekta iliyopimwa kina, na zawadi mwisho wa msimu kama grisi ilipigwa kila asubuhi. Daftari la grisi na oili likae kwenye boksi la trekta, na alitie sahihi yeye mwenyewe kabla ya kuwasha.