Ubeti mmoja, stempu moja: namna tunavyojibizana kwa kadi

Kadi ya posta haina bahasha. Karani ataisoma, na kama mwenzako anatumia sanduku la shule, walimu wote wataisoma kabla haijamfikia. Wapo wanaoona hiyo ni kasoro. Mimi naona ndiyo sababu kadi inamfaa mshairi wa Kiswahili kuliko barua, maana sisi tumezoea kusema mbele za watu tukasikiwa na mmoja. Kanga hufanya hivyo kila siku: jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, liko wazi, mtaa mzima unalisoma, na mlengwa anajijua.

Tuko washairi sita tunaotumiana beti kwa kadi. Wawili tuko hapa Tanga, mmoja Mombasa, mmoja Lamu, mmoja Unguja, na mmoja yuko Muscat kwa watoto wake. Kila mwezi unamwandikia aliye chini yako kwenye orodha, na wa mwisho anamwandikia wa kwanza. Aliyekuandikia unamjibu. Mpango wa orodha tumeuchukua kwa washairi wa Marekani, ambao tangu 2007 hutumiana kadi kila Agosti, kila mmoja akituma 31. Wao huhimizana kuandika moja kwa moja kwenye kadi bila rasimu. Hapo sikubaliani nao. Anayetunga kwa vina na mizani lazima afute, na kadi haifutiki.

Nunua karatasi nene ya manila, ile inayosimama ukiishika kwa pembe moja. Karatasi ya A4 inatoa kadi nne za sentimita 10.5 kwa 14.8. Usipunguze sana, chini ya 9 kwa 14 posta inaweza kuikataa. Kata kwa wembe na rula ya chuma, maana mkasi huacha ukingo wa mawimbi.

Pambo langu ni kanga kuukuu. Fundi cherehani wa Ngamiani huniwekea vipande, nami nachagua pindo, kwa kuwa pindo lina michoro midogo inayoenea kwenye kadi. Maua ya mji, yaani ya katikati ya kanga, ni makubwa mno. Gundi napika mwenyewe: kijiko kikubwa cha unga wa ngano kwenye nusu kikombe cha maji baridi, koroga mpaka madonge yaishe, kisha bandika kwenye moto mdogo hadi iwe kama uji mzito. Paka nyembamba. Bandika utepe wa upana wa vidole viwili juu ya kadi, halafu ulaze chini ya vitabu vizito usiku mbili. Ukiitoa mapema kadi hujikunja, na mende wanapenda gundi mbichi.

Kalamu iwe ya wino mzito, hizi za kawaida za kuandikia shuleni. Mwaka wa kwanza niliandika kwa wino wa chupa, kwa hati niliyoionea fahari. Kadi ikafika Unguja masika, mishororo miwili imekuwa ukungu wa buluu. Sasa kabla ya kutuma naandika neno kwenye kipande cha manila, nasugua kwa kidole kilicholowa, na likitoka nabadili kalamu.

Sasa ubeti. Kadi inabeba mmoja tu: tarbia, mishororo minne, mizani (silabi) nane kwa nane. Laza kadi, andika upande wenye pambo, ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo, kwenye mstari mmoja. Mshororo una herufi kama arobaini, hivyo hati iwe ndogo. Nyuma gawa kwa mstari wa wima: kushoto salamu na tarehe, kulia anwani, na stempu pembeni juu.

Na uandike fumbo. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walitupiana mashairi mwanzoni mwa karne ya 19, wakati miji yao imenuniana, na mengi yalikuwa mafumbo. Kanuni yangu ni hii: maana ya juu itimie yenyewe, ili karani aone ni habari ya shamba, na maana ya ndani awe nayo mwenzako. Mfano ni huu niliompelekea mwenzangu wa Lamu:

Nina kisima shambani, maji tele yafurika,
Nikitia kata ndani, tupu juu yainuka,
Wageni toka njiani, wanywa hadi kutosheka,
Malenga nielezeni, vipi kiu itatoka?

Nimefundisha ushairi miaka 27. Wanafunzi wangu wanatunga. Wanangu watatu hawataki hata kusikia. Hayo sikuyataja popote. Kadi ilichukua siku 19 kufika, na jibu lilipokuja nilisoma mshororo wa kwanza nimesimama palepale kwenye masanduku:

Usitazame shambani, kata yako 'mepasuka.

Kata ni kile chombo cha kuchotea maji.

Alifumbua, na akanionya kwa heshima: tatizo si watoto, ni namna ninavyowachotea. Jioni ile niliacha kumsahihisha mwanangu wa mwisho mizani, nikamwomba aniimbie wimbo anaoupenda yeye.

Basi ukijibu, jibu hivyo. Shika vina vya mwenzako vyote viwili, usibadili hata kimoja. Ingia ndani ya mfano wake: akisema kisima, wewe usilete merikebu. Ongeza kitu kimoja ambacho hakukitaja, kama ile kata iliyopasuka. Na kama fumbo limekushinda, sema limekushinda, kwa ubeti vilevile. Kunyamaza ndiko kunakovunja orodha.

Posta usitumbukize tu. Mpe karani aipime, kwa kuwa kitambaa huongeza uzito na pengine ukatozwa kama barua. Mwombe apige mhuri kwa mkono, usigonge maandishi. Nchi ya mpokeaji iandike kwa herufi kubwa, na S.L.P. isikosekane.

Kabla hujatoka nyumbani, nakili ubeti kwenye daftari pamoja na tarehe. Kadi yangu moja ya kwenda Muscat haikufika mpaka leo, na ilikuwa na kina cha kati nilichokitafuta wiki nzima. Nilipofungua daftari nikaukuta ubeti, nikakata manila nyingine, nikabandika pindo jekundu, nikaituma tena.