Pima urefu wa mvukuto kabla ya kufungua lenzi
Anayepiga picha za matunda au vyombo vilivyopangwa mezani, kwa kamera kubwa aliyojitengenezea kwa mbao, asitegemee kipimamwanga peke yake, kwa sababu kadiri mvukuto, yaani mfuko unaokunjuka kati ya lenzi na filamu, unavyovutwa na lenzi kusogezwa mbele ili kitu cha karibu kionekane vizuri, ndivyo mwanga unaoifikia filamu unavyopungua. Pima kwa rula kutoka kwenye ubao wa lenzi hadi kwenye kioo cha kulengea kilicho nyuma ya kamera, gawanya kwa urefu wa fokasi (milimita zilizoandikwa kwenye lenzi), kisha zidisha jibu kwa lenyewe; hiyo ndiyo idadi ya mara za kuzidisha muda uliotolewa na kipimamwanga. Lenzi ya milimita 150 iliyovutwa hadi 210 huhitaji muda unaokaribia maradufu. Ikifika 300, sekunde 2 huwa 8. Chungwa litasubiri bila shida, lakini sakafu ya mbao hutikisika, hivyo usitembee mpaka lenzi ifungwe.