Madumu ya mafuta kuwa mabegi ya baiskeli: jinsi ninavyoyafunga yasicheze

Wakuu, tangu niweke picha ya baiskeli yangu pale bwawa la Mtera, swali ni lile lile: hayo madumu ya njano yameshikwa na nini? Somo hili hapa. Kukata dumu nitakupitisha haraka, kila mtu aliyewahi kutengeneza ndoo ya kumwagilia bustani anakujua. Nitakaa zaidi kwenye kulabu na mpira wa chini, maana hapo ndipo spoku zangu tatu zilipokatikia.

Andaa madumu mawili ya mafuta ya kula ya lita 20, chuma bapa cha unene wa milimita 3 na upana wa 20 (mita moja na nusu inatosha, wachomeleaji wanavyo vipande), bolti nane za spana namba 10, nati zake ziwe zile zenye plastiki ndani, washa pana, tyubu chakavu, na kipande cha bango la matangazo la barabarani. Dumu lililobeba dawa ya shambani liache huko huko, hata likioshwa mara kumi.

1. Osha, kata. Majivu, sabuni ya unga na maji ya moto, usiku kucha. Kata kwa msumeno wa chuma kuzunguka chini kidogo ya mkono, kisha piga msasa ukingoni. Zamani nilikuwa nakata pande tatu tu ili upande wa nne uwe bawaba ya kifuniko. Inapendeza, ila plastiki ile ikikunjwa kila siku juani inapasuka.

2. Pima kisigino. Hatua hii watu wanairuka halafu wanalia. Upande mpana wa dumu uelekee gurudumu, ule mwembamba utazame nyuma, la sivyo utakuwa na upana wa bajaji huku malori yanakupita. Kaa kwenye siti na viatu utakavyosafiri navyo, mwenzako ashikilie dumu kwenye keria, wewe zungusha pedali kinyumenyume. Kisigino kikigusa, sogeza nyuma. Kati ya kisigino na dumu vidole viwili vipite. Hapo ndipo uweke alama ya kalamu.

3. Kulabu. Kila dumu linataka mbili. Kata kipande cha sentimita 25, kibane kwenye jiliwa pamoja na kipande cha nondo chenye unene sawa na bomba la keria yako, kisha kigonge kwa nyundo mpaka kipinde kama kichwa cha mkongojo. Kulabu ikae kwa kubana. Ikiwa na nafasi, jaza kwa kuivisha tyubu ndani; utaondoa na ule mlio wa kengele njia nzima.

Matundu mimi natoboa kwa msumari wa moto, mawili kwa kila kulabu. Vichwa vya bolti vielekee gurudumu, nati ziwe ndani ya dumu. Baina ya chuma na plastiki weka kiduara cha tyubu, na ndani weka washa pana, kwa sababu plastiki haikatiki katikati, inachanikia tunduni. Juu ya nati bandika kipande cha soli ya kandambili ili isikutoboe nguo.

4. Mpira wa chini. Safari yangu ya kwanza kutoka Dodoma kwenda Iringa, kama kilomita 260, nilikuwa na kulabu za juu tu. Kabla ya kijiji kimoja kuna rasta zile za kupunguza mwendo. Nikazipita nikiwa kwenye mteremko, dumu la kushoto likaruka, likarudi na pembe yake ndani ya gurudumu. Nilisikia ta, ta, ta, nikawa nimeshasimama. Rimu ilipinda kama chapati, nikasukuma hadi kwa fundi.

Sasa natoboa tundu karibu na kitako cha dumu, napitisha mpira wa tyubu wenye upana wa vidole viwili, napiga fundo kwa ndani, na upande wa pili naufungia kindoano cha waya mnene kinachonasa kwenye mguu wa keria karibu na ekseli. Uwe umevutika kweli kweli. Jaribio langu: pakia, shika siti, inua gurudumu la nyuma kiasi cha kiganja, liachie. Dumu likitoa sauti yake peke yake, bado.

5. Kifuniko. Fundi viatu anishonee kofia ya bango, ishuke sentimita 10 chini ya ukingo, nafunga kwa tyubu. Msiidharau: Hartmut Ortlieb wa Ujerumani, ambaye mabegi yake leo ni ghali kuliko baiskeli zetu wengi, alianza kwa kushona turubai la lori.

Maswali

*Swali, Moshi:* Mkuu, kila dumu linabeba kilo ngapi?
*Jibu:* Mimi sizidishi kilo 8 kila upande, nikipima kwa mzani wa duka la mangi. Kumbuka lita moja ya maji ni kilo nzima. Vizito viwe chini, na pande zote zilingane. Zikipishana utauona usukani unavuta.

*Swali, Mombasa:* Ndugu, baiskeli yangu ni ya mlimani, haina matundu ya kufungia karia. Je?
*Jibu:* Tumia klipu za hosi za magari kwenye fremu, chini yake uzungushie tyubu ili zisiteleze wala kula rangi. Kaza tena baada ya kilomita 20 za mwanzo. Kama fremu ni ya kaboni, usijaribu, itapasuka.

*Swali, Mbeya:* Shikamoo kaka. Mvua za huku kweli hiyo kofia inazuia?
*Jibu:* Marahaba dada. Za juu inazuia. Maji yanayonipata mimi ni ya kwenye tundu la mpira wa chini, kwa hiyo blanketi na nguo naziweka kwenye mfuko wa salfeti wenye nailoni ndani. Usilizibe tundu lile, maji yakiingia yapate pa kutokea.

*Swali, Dodoma:* Na ule mlima wa Nyang'oro, njiani kwenda Iringa, ulipanda nayo?
*Jibu:* Nilisukuma, mkuu. Ila hapo dumu lina raha yake: nikichoka nalichomoa, nalifunga kofia, nalikalia.