Maji ya Juujuu Ndiyo Yanayoua Bustani ya Kiangazi

Kila inapofika Januari, wenye bustani za nyumbani kuanzia Nyalenda na Mamboleo hapa Kisumu hadi Njoro na Bahati kule Nakuru hutuletea malalamiko yaleyale: sukuma wiki imedumaa na majani yake yamekuwa magumu, nyanya zinaoza kitako, mpapai unapukutisha maua. Ukiwauliza kuhusu maji, wengi hujibu kwa fahari kwamba hawajaruka hata siku moja bila kumwagilia. Fahari hiyo haina msingi, kwa sababu kumwagilia kila siku maji ya kulowesha uso wa udongo tu ndiko kunakowagharimu kuliko wadudu wote wa kiangazi wakiwekwa pamoja. Mambo ya mbegu, kitalu na nafasi kati ya miche mnayafahamu vizuri, na sitayarudia hapa.

Chukua panga leo asubuhi, nusu saa baada ya kumwagilia kama ulivyozoea, ufukue kando ya shina moja la sukuma wiki kwa umbali wa kiganja. Katika bustani nyingi utakuta udongo wa juu umelowa kiasi cha unene wa kidole gumba, na chini yake ni udongo mkavu usioshikana hata ukiufinya mkononi. Tazama mizizi pia. Badala ya kushuka, imetandaa kama mkeka ndani ya ile tabaka nyembamba yenye unyevu, kwa kuwa mzizi hukua penye maji, wala hauwezi kupenya udongo mkavu kuyatafuta. Jua la saa saba la Kisumu likishaikausha tabaka hiyo, mmea hauna akiba yoyote, nao hunyauka ilhali mwenyewe anaapa kwamba ameunywesha asubuhi hiyohiyo. Sukuma wiki iliyozoeshwa vizuri hutuma mizizi hadi sentimita 45 na zaidi, na nyanya hupita sentimita 60 pale ambapo udongo hauna mwamba wala tabaka ngumu.

Sasa tuje kwenye vipimo, na hapa naomba kila mmoja apime, asikadirie kwa macho. Lita 1 ya maji ikimwagwa kwenye mita 1 ya mraba hufanya kina cha milimita 1. Mboga iliyokomaa, wakati wa jua kali na upepo wa Januari na Februari, hutumia karibu milimita 5 kwa siku, yaani lita 5 kwa kila mita ya mraba. Kitanda cha mita 1 kwa mita 3 kwa hiyo kinahitaji lita 15 kwa siku, lakini usizitoe kila siku. Zikusanye na uzitoe kwa pamoja: lita 45, ambazo ni mitungi miwili ya lita 20 na robo ya mtungi wa tatu, kila baada ya siku tatu. Kiasi hicho hushuka hadi sentimita 20 hivi katika udongo tifutifu ambao haujakauka kabisa, na huko chini jua halikifikii kwa urahisi.

Linganisha na mazoea tunayoyaona. Mtu ana vitanda vitatu vya ukubwa huo, ana mtungi mmoja wa maji kwa siku, na anaugawa mtungi huo kwa usawa ili kitanda chochote kisionewe. Kila mita ya mraba hupata lita 2 na kidogo, chini ya nusu ya mahitaji yake, na sehemu kubwa ya hizo hurudi hewani kabla ya adhuhuri. Tukimshauri aache vitanda viwili vipumzike hadi mvua za Machi, hukasirika kana kwamba tumemwambia ang'oe shamba zima. Hesabu haijali hasira. Lita 20 kwa siku hutosha mita 4 za mraba tu. Zihifadhi kwa siku tatu upate lita 60, utoe 45 kwenye kitanda kimoja, na zile 15 zinazobaki umpe mpapai. Kitanda kimoja kilichoshiba kitakulisha mboga kila wiki, ilhali vitatu vyenye njaa vitatoa maua mapema, hasa mchicha, saga na managu, ambayo yakishikwa na ukame hukimbilia kuzaa mbegu badala ya majani.

Muda wa siku tatu niliotaja unafaa udongo mwekundu na tifutifu kama ule wa Maseno na Kakamega. Nakuru hali ni tofauti, kwa sababu udongo mwingi wa huko ni mwepesi, umetokana na majivu ya volkeno, na hauwezi kushika maji mengi kwa wakati mmoja. Ukimwaga ya siku tatu, sehemu yake hupotelea chini ya mizizi. Toa lita 10 kwa kila mita ya mraba kila baada ya siku mbili, na uchanganye nusu debe ya samadi iliyooza vizuri kwa kila mita ya mraba kabla ya kupanda ili kuongeza uwezo wa kushika unyevu. Kwa udongo mweusi wa mfinyanzi wa Kano, Ahero na Nyando, toa lita 20 kwa kila mita ya mraba kila baada ya siku nne, au 25 kila baada ya siku tano, lakini usingoje udongo upasuke. Nyufa zikishafunguka hukata mizizi, na maji unayomwaga huteremka moja kwa moja ndani ya ufa bila kuugusa udongo wa pembeni.

Namna ya kumwaga nayo ina utaratibu wake. Usimwage lita 45 kwa mkupuo mmoja, kwani udongo mkavu hukataa maji mwanzoni na nusu yake itatiririkia kwenye njia. Toa nusu ya kipimo, subiri dakika 15 hadi 20 huku ukipalilia kitanda kingine, kisha umalizie nusu iliyobaki. Ni kwa sababu hiyo pia kwamba matuta yaliyoinuliwa, ambayo ni mazuri sana wakati wa masika, hayafai kiangazi: yanakauka pande zote na maji hayatulii juu yake. Shusha kitanda sentimita 10 hadi 15 chini ya usawa wa ardhi, acha kingo kuzunguka, na maji yote yatabaki ndani.

Wakati ufaao ni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili na nusu asubuhi. Mchana maji mengi hupotea hewani. Ile hadithi ya kwamba matone huchoma majani kama kioo isikushughulishe. Anayelazimika kumwagilia jioni kwa kuwa maji ya bomba hufika saa hizo, amwage chini ya shina tu, kamwe si juu ya majani, hasa kwa nyanya na viazi. Majani yakilala na maji usiku kucha, na usiku wa Nakuru ulivyo baridi, umeikaribisha baka, ule ugonjwa wa ukungu unaoozesha majani na matunda, kwa mikono yako mwenyewe.

Kuhusu nyanya nitasema kwa kirefu, kwa kuwa hapa ndipo pesa zinapoteketea. Mkulima huona doa la majimaji kwenye kitako cha nyanya changa, upande ulio mbali na kikonyo. Baada ya siku chache doa hupanuka, hubonyea, huwa jeusi au kahawia na gumu kama ngozi. Huenda moja kwa moja kwenye agroveti, huuziwa dawa ya ukungu, hunyunyizia, nyanya huendelea kuoza, na wiki inayofuata hununua dawa nyingine kali kuliko ya kwanza. Hakuna ukungu wa kuua hapo. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi limeikosa si kwa sababu haimo udongoni, bali kwa sababu kalsiamu husafiri ndani ya mmea pamoja na maji, na maji yenyewe yanakuja kwa kukatikakatika. Maganda ya mayai unayoshindilia leo kwenye shina huoza polepole mno kuweza kuliokoa zao la msimu huu. Baka ya kweli huanzia kwenye majani na mashina pia, na hushika tunda mahali popote. Ukiona kitako peke yake kimeathirika na majani ni mazima, funga mkoba wa pesa na ufungue mtungi wa maji. Chuma matunda yaliyokwisha kuharibika, kwa kuwa hayaponi, uliache shina litoe mengine. Pilipili hoho na matikiti maji hupatwa na tatizo hilohilo.

Tahadhari moja kwa wale watakaoanza kubadilika leo: usihame ghafla kutoka kumwagilia kila siku hadi kila siku ya tatu. Mizizi yako bado iko juu. Wiki ya kwanza toa kipimo kamili cha lita 10 kwa mita ya mraba kila baada ya siku mbili, na wiki ya pili uingie kwenye siku tatu. Pia, nyanya zilizokaa na kiu kisha zikanyweshwa kupita kiasi hupasuka ngozi, kwa hiyo chuma kwanza zile zinazoanza kugeuka rangi.

Wanaotumia visima virefu katika Bonde la Ufa wana sababu ya ziada ya kuacha maji ya juujuu, kwani maji hayo mara nyingi yana magadi. Yanapokauka karibu na uso huacha ukoko mweupe unaounguza mizizi na ncha za majani. Mara moja kwa mwezi toa kipimo na nusu ili kuisukuma chumvi chini. Maji ya kufulia yapeleke kwenye ndizi, yasiende kwenye mboga.

Matandazo yawe na unene wa sentimita 5 hadi 7, yawekwe baada ya kumwagilia na si kabla, kwa kuwa nyasi zilizotandazwa juu ya udongo mkavu huuzuia unyevu kuingia. Acha sentimita 5 bila nyasi kuzunguka shina lisioze. Makapi ya mpunga kutoka Ahero yanafaa pia ikiwa upepo hauyabebi. Usitumie nyasi zilizokwisha kuzaa mbegu, nisije nikaulizwa Aprili magugu yametoka wapi.

Magunia na mikebe ndiyo pekee inayoruhusiwa maji ya kila siku, kwa sababu mizizi yake haina pa kushukia. Kwa gunia, mimina kupitia ule mhimili wa mawe unaowekwa katikati yake ili kupitisha maji hadi chini, si juu pekee. Mpapai unaozaa upewe lita 20 mara mbili kwa wiki, ndani ya beseni la udongo lenye upana wa mita 1 hadi 1.2, na shina lenyewe liinuliwe kidogo kwani mpapai hauvumilii maji yaliyosimama. Mparachichi uliopandwa mwaka huu hutosheka na lita 20 kwa wiki.

Ukifukua baada ya mwezi na kukuta mizizi myeupe kwenye kina cha sentimita 20, umefaulu.

Mvua za kwanza za Machi huwadanganya wengi, wakaweka mitungi stoo siku ileile ya manyunyu ya kwanza. Tega uwanjani kopo lenye kuta zilizonyooka na upime maji kwa rula kila asubuhi. Likionyesha milimita 4, kitanda kimepata chini ya mahitaji ya siku moja, na kwenye kitanda chenye matandazo huenda maji hayo yameishia kwenye nyasi tu. Endelea na ratiba yako kama kwamba haikunyesha. Likionyesha milimita 15, ruka zamu moja. Usisimamishe ratiba kabisa hadi kopo liwe limekusanya milimita 35 ndani ya wiki moja, kwa wiki mbili mfululizo.