Kabla hujafunga tabo kwenye L28, angalia pampu ya oili

Kama una Datsun 280Z, au 240Z iliyowekewa injini ya L28, na unataka kuifunga tabo, pesa ya kwanza iende kwenye pampu ya oili. Pampu ya kawaida ya L28 ilitengenezwa kulisha injini peke yake, na beringi za tabo zinaelea juu ya oili. Nissan wenyewe walilijua hilo: 280ZX Turbo ya 1981 ilipotoka na injini ya L28ET, waliipa pampu yenye rota ndefu zaidi, inayosukuma oili nyingi kwa kila mzunguko. Hiyo ndiyo ya kutafuta, inaingia bila kukata chochote.

Usikubali kuuziwa springi ngumu ya valvu ya presha ya oili badala yake. Springi inapandisha presha ya juu tu. Gari likiwa la moto na liko sailensa (linaunguruma bila kukanyagwa mafuta), haikusaidii kitu.

Kuifunga ni rahisi, pampu iko nje, chini mbele, huhitaji kushusha sampu. Ila shafti inayoizungusha ndiyo inayozungusha distributa, na hapo wengi hupotea. Leta pistoni ya kwanza juu kabisa, ijaze pampu oili, ipandishe, kisha chungulia tundu la distributa: ulimi wa juu ya shafti ulale kama mishale ya saa tano na dakika 25 (11:25), na kwa kuwa ulimi unagawa kichwa cha shafti nusu mbili zisizolingana, nusu ndogo itazame mbele. Umekosea jino moja? Shusha, rudia. Halafu piga stata bila moto wa plagi mpaka geji ipande.