Ukitaka kutubu, chukua kalamu

Wengi wanaokuja kwenye ushirika wetu wa nyumbani hapa Kisauni, Mombasa, karibu na Kengeleni, wanajua kulia kuliko wanavyojua kutubu. Mtu anatoka kesha la Ijumaa macho yamevimba, na Jumatatu anampita ngazini jirani ambaye bado anamdai. Nimewaongoza akina mama na vijana katika jambo hili kwa miaka, na ninavyowafundisha ni hivi.

Tafuta daftari, usiku watoto wakishalala. Soma polepole Zaburi ya 51, toba ya mfalme Daudi baada ya nabii Nathani kumwendea na kumkemea dhambi yake. Kisha andika. Usiandike "nimekuwa mbali na Mungu". Hapo hapana mtu wala kiasi. Andika: nilimsingizia wifi yangu kwa mama mkwe. Andika: nimekalia elfu tano za chama tangu mwaka jana. Zakayo, yule mtoza ushuru, naye alitaja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa aliyemdhulumu (Luka 19:8).

Ungama kwa Mungu kwanza, kwa sauti, jambo moja moja. Msamaha umeahidiwa katika 1 Yohana 1:9, uamini papo hapo. Hurudishi fedha ili usamehewe. Unarudisha kwa sababu si zako.

Kwenye kurudisha ndipo watu wanapokwama. Torati, Hesabu 5:7, ilimtaka mkosaji arudishe kitu kamili na kuongeza sehemu ya tano. Ni kipimo kizuri hata leo: elfu tano za chama ziwe elfu sita. Huna zote? Nenda na ulizo nazo, useme utamalizia lini. Usitume kwa M-Pesa ukanyamaza. Mwenzio atadhani umekosea namba. Sema "nilichukua". Usiseme "kama nilikukwaza popote, nisamehe," maana hapo unamwachia yeye kazi ya kukumbuka ubaya wako. Akikasirika, mwache akasirike, wala usimwambie Biblia inamlazimu kusamehe. Na kama ni jirani Mwislamu, vijitabu vya injili viache nyumbani. Siku hiyo hukwenda kuhubiri.

Kuna mwenzetu muuza nafaka Kongowea, kibaba chake cha bati kilikuwa kimegongwa kitako kikaingia ndani. Mchele unaonekana umejaa pomoni, kumbe chini pamebonyea. Wateja aliowapunja hawezi kuwapata tena. Tukasoma Hesabu 5:8: asipokuwepo wa kurudishiwa, mali hiyo ni ya Bwana. Akapiga hesabu, akapeleka kwenye mfuko wa wajane kanisani bila jina kwenye bahasha, akanunua kibaba kipya. Kile cha zamani alikiponda kwa nyundo barazani kwangu hadi kikawa bapa. Nilifurahi siku ile kuliko siku za ubatizo.

Mambo ya uzinzi, au yanayoweza kumhatarisha mtu, yasimwagwe mbele ya kundi zima. Mpelekee mchungaji, au mama mmoja mtu mzima mnayeaminiana. Na ikiwa wewe ndiye uliyepigwa, huna deni la kwenda kumwomba radhi aliyekupiga.

Kuhusu kuwa tayari kwa kurudi kwa Bwana, wasome tena wale wanawali kumi wa Mathayo 25, waliomngoja bwana arusi na taa zao. Wote walisinzia wakalala, wenye busara pia. Tofauti yao ilikuwa mafuta waliyoyabeba mapema. Kwa hiyo sikuambii ukae roho juu kila radi ikipiga. Nakwambia kila Jumamosi jioni, kabla hujapiga pasi nguo za ibada, ufungue daftari lile lile uulize: nani ana neno juu yangu wiki hii? Yesu alisema sadaka iachwe mbele ya madhabahu, mtu aende kwanza akapatane na ndugu yake (Mathayo 5:23-24). Jumamosi usiku matatu bado yapo, na kama anakaa ng'ambo, feri ya Likoni inavusha usiku kucha.